Chakula Kipo, Mgao Haupo: Mhadhara Kuhusu Ushindani wa Kula katika Tangi la Maji ya Bahari



Mnyama anayekufa njaa katika tangi la maji ya bahari mara nyingi hufa chakula kikimpita mbele ya macho. Mwenye tangi si bahili. Friza yake ina vibao vya uduvi uliogandishwa, kabati lake lina makopo ya chembe za kulishia, na asubuhi na jioni mkono wake uko juu ya maji. Hata hivyo siku moja anamkuta farasi wa baharini tumbo limeingia ndani na pete za mifupa yake zinahesabika. Atakuapia kwamba alikuwa akilisha kila siku, naye anasema kweli. Alilisha tangi. Yule mnyama mmoja hakulishwa.

Hoja yangu ni hii: nani ale na nani akose huamuliwa na namna chakula kinavyofika majini. Namna hiyo ina mambo manne: mahali kinapotua, wakati kinapotua, ukubwa wa kipande, na njia kinayofikishwa. Yote manne yako mikononi mwa mlishaji. Tukisema samaki fulani ni mlafi au mkorofi, tunasema jambo la kweli lisilotusaidia, kwa kuwa tabia yake hatuwezi kuibadilisha. Mgao tunaweza.

Kuwahi na kugombania

Wanaikolojia huutenga ushindani wa chakula katika mafungu mawili. La kwanza ni la kuwahi. Wawili wanataka kitu kilekile, mwepesi anakimaliza, mzito anafika pakiwa patupu. Huenda hata hawakuonana. La pili ni la kugombania. Mmoja anamfukuza mwenzake penye chakula, hata akiwa yeye mwenyewe ameshiba. Mwenye tangi huliona upesi hili la pili, maana mapezi yaliyochanika hayafichiki. La kwanza hupita kimyakimya, tangi likionekana lina amani tele.

Mifano ya yote mawili tunayo katika bahari yetu. Kwenye miamba ya Kenya, Tim McClanahan na wenzake, miongoni mwao Nyawira Muthiga na David Obura, wamechunguza kwa miaka mingi wale wanyama duara wa miiba wanaojificha katika mashimo ya mwamba. Adui yao mkubwa ni samaki, hasa kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Kikande akivuliwa hadi kuadimika, wanyama wa miiba huongezeka na kuukwangua mwani mpaka pono na kangaja wanakosa cha kung'ata. Hapo hapana aliyepigana na mwenziwe. Mwaka 1996 watafiti hao walichapisha matokeo ya kuwapunguza wanyama wa miiba katika vipande vya mwamba: mwani uliongezeka, na samaki nao wakaongezeka. Huo ni ushindani wa kuwahi, na aliyeshinda hana hata mapezi ya kukimbilia.

Ushindani wa kugombania ulielezwa vizuri kule Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho katika nchi ya Shelisheli. Mwaka 1979 Ross Robertson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya kangaja wa spishi tatu, wale samaki wenye kisu kwenye shina la mkia: Acanthurus lineatus mwenye milia, Acanthurus leucosternon wa buluu mwenye kidari cheupe, na Zebrasoma scopas wa rangi ya kahawia. Wote watatu wanapatikana pia katika pwani yetu. Vyakula vyao vinafanana sana, lakini malisho yamegawanywa kwa ubabe, na mwenye milia ndiye wa juu. Anashika sehemu ya mwamba yenye mwani mzuri na kuilinda siku nzima dhidi ya wala majani wengine. Wanyonge wake hawafi, kwa sababu mwamba ni mrefu. Akifukuzwa hapa, mmoja husogea mita kumi, akala penye mwani hafifu kidogo, na maisha yakaendelea.

Robertson huyohuyo alikuwa amechapisha mwaka 1976, pamoja na wengine, habari nyingine iliyotoka Panama. Huko vipo visamaki vidogo vinavyolima vishamba vya mwani na kumfukuza kila anayekaribia. Pono mmoja akienda peke yake, anatimuliwa kabla hajang'ata. Pono wakienda kundi zima, mwenye shamba anamfukuza wa kwanza, wa pili anakula. Anamrudia wa pili, wengine kumi wanakula. Wahenga walisema wengi wape. Mwenye shamba yule hawapi, nao wanajichukulia. Kila anayelinda chakula hulipa kwa nguvu na muda, na gharama ikizidi faida, ulinzi unavunjika. Kanuni hiyo itatufaa tukifika kwenye matumizi.

Sasa mchukueni kangaja wa buluu mwenye kidari cheupe, mmwingize katika tangi lenye urefu wa mita moja na nusu. Ubabe wake amekuja nao mzima, ila mita kumi za kukimbilia wenzake zimebaki baharini. Aliyefukuzwa pembe ya kulia anajikuta pembe ya kushoto, na pembe ya kushoto nayo ni ya mbabe yuleyule. Kazi iliyokuwa ikifanywa na umbali haina tena wa kuifanya, isipokuwa mlishaji.

Walichotufundisha samaki wa maabara

Mwaka 1979 mwanasayansi Mjerumani Manfred Milinski alichapisha jaribio rahisi na lenye akili. Aliweka samaki wadogo sita wa Ulaya, wenye miiba mitatu mgongoni, katika tangi moja, akawalisha viroboto-maji kwenye ncha mbili. Ncha moja ilipopewa mara tano ya nyingine, baada ya muda mfupi takriban watano walikuwa wamehamia kwenye neema na mmoja amebaki kwenye dhiki. Uwiano ulipobadilishwa kuwa mbili kwa moja, wakajipanga karibu wanne kwa wawili. Maana yake ni kwamba samaki hupima. Anaona chakula kinavyofika na jinsi wenzake walivyosongamana, kisha anachagua mahali. Ukifungua mahali pa pili pa chakula, sehemu ya kundi itakufuata bila kufundishwa. Kazi za baadaye za Milinski, hata hivyo, zilionyesha kwamba ndani ya kundi hilohilo wapo wanaokamata kingi kuliko wenzao. Kugawa mahali hupunguza tofauti, hakuiondoi.

Huko Canada, James Grant na wenzake waliuliza swali jingine: ni hali gani humwezesha samaki mmoja kumiliki chakula cha wote? Walitumia samaki wa maji baridi, lakini jibu lao linaingia moja kwa moja katika tangi la chumvi. Utafiti wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba chakula kikirundikwa mahali pamoja, mbabe hukilinda na kukihodhi kwa urahisi zaidi. Utafiti wa mwaka 1992, uliofanywa na Grant na Donald Kramer, ulihusu wakati: vipande vikija kwa kuachana, kimoja baada ya kingine, mbabe anakula, anafukuza, anarudi kungojea kinachofuata; lakini vikija vyote kwa pamoja, akiwa anatafuna kimoja vingine vimeshaliwa.

Aliyewahi kuandaa karamu anaijua kanuni hii bila kusoma kitabu. Weka sinia moja la pilau katikati ya ukumbi, ulete nyama kipande kimoja kimoja, uone nani atashiba. Tandaza masinia kumi kwa mara moja, na hata mzee aliyekaa mlangoni atakula. Mchele ni uleule.

Kwa hiyo tunazo sheria mbili za kuanzia: chakula kitawanyike kwa mahali, kisitawanyike kwa wakati. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunasimama pembe ileile ya tangi, pale penye kitundu cha kifuniko, na kudondosha punje chache, kungoja, kudondosha tena, tukidhani huo ndio uangalifu. Kwa mbabe, huko ni kuandaliwa meza yake binafsi.

Kwa nini tusiongeze tu

Kuna anayejiuliza: si tumwage kingi mpaka kila mmoja apate? Zipo sababu mbili za kukataa.

Ya kwanza ni kemia. Protini inapovunjika hutoa amonia, iwe imepitia tumbo la samaki au imeozea nyuma ya jiwe. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Maji ya tangi la bahari huwa na pH ya kati ya 8.1 na 8.4, na pH inapopanda kwa namba moja, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Ndiyo maana uchafu ambao tangi la maji baridi lingeuvumilia unaweza kuua tangi la chumvi. Chakula huleta pia fosfati, ambayo hustawisha mwani usiotakiwa na kuyazuia matumbawe yasijenge mifupa yake vizuri.

Sababu ya pili ni hesabu ya mgao wenyewe. Ukiongeza chakula bila kubadili kinavyofika, nyongeza inakwenda kwa yuleyule aliyekuwa anapata. Mbabe ananenepa, anakua, na kesho ana mwili mkubwa zaidi wa kulindia chakula kingi zaidi. Lile pengo ulilotaka kuliziba umelipanua kwa fedha zako.

Hapa lazima niugombeze ushauri maarufu wa madukani, unaosema lisha kiasi kitakachokwisha ndani ya dakika mbili au tatu. Kwa usafi wa maji ushauri huo si mbaya. Lakini ulizeni: dakika mbili za nani? Anayemaliza chakula kwa dakika mbili ni samaki mwepesi wa mbele. Farasi wa baharini katika dakika hizo bado anakitazama kipande cha kwanza kwa jicho moja. Konokono hajapata habari. Matumbawe hayajafungua vinywa. Saa ya mwenye mbio imefanywa kipimo cha wote, kisha tunashangaa kwa nini wenye mwendo wa pole hawadumu.

Mambo manne mikononi mwa mlishaji

Nianze na mahali. Kwa wala majani, njia rahisi ni karatasi za mwani mkavu, zile ambazo Wajapani hufungia wali, zinazobanwa kwenye kioo kwa kibanio. Kibanio kimoja kinamzalisha mlinzi. Weka viwili, kila kimoja ncha yake, na katikati pawe na jiwe la kuzuia macho, ili anayelinda kimoja asikione cha pili. Kangaja mwenye hasira ataanza kukimbia huku na huku. Kila safari anayokwenda kulia, wa kushoto wanang'ata. Kibanio cha tatu mara nyingi humchosha kabisa, naye anaamua kula badala ya kulinda. Hiyo ndiyo ile kanuni ya pono wa Panama, tofauti ni kwamba hapa tumezidisha malisho badala ya kuzidisha walaji. Chembe na uduvi navyo vimwagwe mbele ya mkondo wa pampu, visambae tangi zima kwa sekunde chache.

Wakati una mambo mawili yanayoonekana kupingana. Nimesema chakula kije kwa pamoja. Wakati huohuo, wapo samaki ambao baharini hula planktoni kutwa, kwa mfano wale wadogo wa rangi ya chungwa, Pseudanthias squamipinnis, wanaoelea kwa makundi juu ya miamba yetu. Mlo mmoja mkubwa kwa siku hauwatoshi, kwa kuwa miili yao imezoea kupokea kidogo kidogo. Suluhisho ni milo mingi midogo, mitatu, minne au zaidi, lakini kila mlo ushuke mara moja na usambae. Mashine ya kulishia yenye saa husaidia ukiwa kazini, mradi isidondoshee kwenye pembe tulivu.

Wakati una zamu pia. Samaki wengi wa rangi hulala taa zikizimwa. Samaki wekundu wenye macho makubwa, kamba, kaa na nyota wengi wa baharini ndipo wanapoamka. Chakula kinachozama kikitupwa nusu saa baada ya giza kinawafikia wenyewe, bila wa mchana kuingilia. Tangi moja linaweza kuwa na jamii mbili zisizokutana mezani, ikiwa mlishaji atakubali kuchelewa kulala.

Ukubwa wa kipande ni silaha inayosahauliwa. Samaki mdogo hawezi kipande kikubwa, lakini mkubwa anakiweza kidogo, kwa hiyo ukianza na vidogo, wakubwa wanavimaliza vyote. Anza na vikubwa. Chaza aliyefunguliwa, akabaki kwenye nusu ya kombe lake, humshughulisha mbabe kwa muda mrefu, kwani nyama imeshikamana na inabidi ivutwe. Wakati yeye anavuta, unamwaga vidogo upande wa pili. Hakuna aliyenyimwa, kila mmoja amepewa kazi inayolingana na kinywa chake.

Njia ndiyo jambo la nne. Mkono unaomwaga juu ya maji huwalisha wanaokula juu. Wa chini na wa mapangoni wanahitaji koleo refu, fimbo, au sirinji yenye mrija unaofika mpaka kwao. Mkunga, kwa mfano, macho yake ni hafifu na hutegemea sana pua. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright walieleza katika jarida la Nature kwamba mkunga ana taya za pili kooni, zinazokuja mbele na kukivuta kitoweo ndani. Kwa hiyo akishashika, haachi. Shida yake ni kwamba harufu hufika polepole, na kabla hajajua chakula kiko wapi, samaki wa mchana wamekimaliza. Kipande cha ngisi kwenye koleo, kikipelekwa mpaka mlangoni pa pango lake, kinaondoa mashindano yote. Vidole vyako viweke mbali.

Wanyonge watatu

Wanyama watatu wanastahili kusemwa kwa kirefu, kwa sababu wananunuliwa kwa urembo wao na kufa kwa mgao wetu.

Wa kwanza ni farasi wa baharini. Hana meno wala tumbo la kuhifadhi chakula. Anachovuta kwa mrija wa kinywa hupita utumboni upesi, kwa hiyo anahitaji kula mara kadhaa kwa siku. Watu humwita mzembe, na hapo wanamwonea. Mdundo wa kichwa chake anapovuta kitoweo ni miongoni mwa miondoko ya haraka kabisa kati ya samaki. Anachokawia ni kuamua: hukisogelea kitu, akakikagua, akakikagua tena. Baharini kunyemelea kwa utulivu ndiko kunakomlisha, maana vidudu anavyovizia hukimbia maji yakitikisika. Katika tangi lenye samaki wepesi, ukaguzi huo ndio unaomnyima. Dawa yake ni kituo cha kulia: bakuli dogo la kioo au gamba pana la kombe, liwekwe mahali pasipo mkondo mkali, karibu na kitu anachoweza kukizungushia mkia. Uduvi huteremshwa humo kwa mrija kila siku mahali palepale. Atajifunza kuja. Hata hivyo dawa kamili ni kumpa tangi lake, pamoja na wapole wenzake tu.

Wa pili ni samaki mandarini, Synchiropus splendidus wa Pasifiki, mwenye michoro ya buluu na chungwa ambayo haina mfano. Huyu kutwa nzima anachokoa kopepodi, vidudu vidogo mno vinavyoishi juu ya mawe. Wengi hawatambui chakula kilichokufa kuwa ni chakula. Mshindani wake hamgusi kamwe: ni samaki mwingine yeyote anayekula kopepodi, hasa vile visamaki vya mistari sita vinavyopenya kila ufa. Huo ni ushindani wa kuwahi katika umbo lake safi. Kumwongezea uduvi kwenye tangi hakumsaidii asiyeula. Kinachomsaidia ni tangi lililokomaa, mawe mengi yenye uhai, na chumba cha pembeni kilichounganishwa na tangi, chenye mwani na bila samaki, ambamo kopepodi huzaliana na kumwagika kidogo kidogo upande wake.

Wa tatu hana miguu ya kukimbilia chakula wala ya kukimbia mwizi: ni matumbawe. Mengi hupata sehemu kubwa ya nishati kutoka kwa mwani mdogo mno uliomo mwilini mwake, unaotumia mwanga. Lakini matumbawe ya jua, yale ya manjano na chungwa yanayoota chini ya kingo zenye kivuli, hayana mwani huo; yasipolishwa, yanakufa. Kila kinywa kinataka kipande chake, na kukimeza kwake huchukua muda mrefu. Mwizi mkuu hapa ni kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni, tunayempenda kwa sababu huwasafisha samaki. Hupanda juu ya tumbawe, akaingiza miguu kinywani, akachomoa nyama iliyokwisha kumezwa. Usimchukie, mshibishe kwanza kwa kipande kikubwa mbali na hapo. Kisha zima pampu, lifunike tumbawe kwa nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa, teremsha chakula kwa sirinji kupitia mdomo wa chupa, na uiache mpaka vinywa vifunge. Anayeona aibu kuweka chupa ya soda katika tangi la thamani afikirie bei ya tumbawe.

Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo nchi kavu. Majini mambo ni kinyume: mgeni akija, wenyeji wanamkalia kooni. Na mgeni huyu anaingia akiwa na njaa ya makusudi. Kenya imekuwa ikisafirisha samaki hai wa mapambo kwenda ng'ambo kwa miongo kadhaa, wakikamatwa na wapiga mbizi kwa nyavu za mkono. Kabla ya kufungwa mfukoni, samaki huachwa bila kula ili asichafue maji machache ya safari. Baada ya hapo zipo saa za ndegeni, duka la jumla, duka la rejareja, na pengine siku nyingi za kukataa chakula asichokijua. Anapofika kwenye tangi la mwisho, anashindanishwa siku hiyohiyo na wenyeji walioshiba, wanaojua kila jiwe na kila saa ya mlo.

Haki yake ya kwanza ni karantini: tangi tupu, tulivu, ambako anakula peke yake. Humo tunatazama magonjwa, ndiyo, lakini pia anajifunza chakula chetu na kurudisha mwili kabla ya kuingia ulingoni. Asihamishwe mpaka ale kwa pupa. Pili ni kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kinachoning'inizwa ndani ya tangi kubwa. Mgeni anakaa humo siku kadhaa, wenyeji wanakuja kutunisha mapezi mpaka wanachoka, naye analishwa humohumo wakimwona. Siku ya kumtoa, geuza mpangilio wa mawe kidogo. Mipaka ya zamani inavurugika, na kwa muda mfupi wote wanakuwa wageni. Na kama bado hujanunua, panga zamu ya kuingia: wapole kwanza, wababe mwisho. Kisamaki cheusi chenye madoa matatu meupe, kinachouzwa bei rahisi kwa wanaoanza, kikitangulia kwenye tangi kitawasumbua wote watakaokuja baada yake.

Wanavyofanya wenye matangi makubwa

Matangi ya umma yamelifikisha suala hili mbali kuliko sisi wa nyumbani. Georgia Aquarium ya Atlanta, iliyofunguliwa mwaka 2005, imefuga papa potwe, samaki yuleyule mkubwa anayewavuta watalii kisiwani Mafia. Katika tangi lenye maelfu ya samaki wengine, papa potwe walilishwa na wafanyakazi walio katika viboti vidogo, na kila mmoja alifundishwa kufuata kiboti chake. Monterey Bay Aquarium ya California, iliyofunguliwa mwaka 1984, imewafundisha samaki-jua wake wazito kuja kwenye alama inayoteremshwa majini, hapo wakalishwa kwa mkono, mbali na samaki-jodari wanaopita kwa kasi. Papa wengi katika matangi ya aina hiyo hulishwa kwa fimbo, na kila kilichomezwa na kila mmoja huandikwa daftarini.

Tuchukue mambo mawili kutoka kwao. Kwanza, samaki hufundishika. Alama ya rangi moja, mahali pamoja, kila siku, inatosha kumfundisha hata samaki wa sebuleni kwamba chakula chake kiko huku. Pili, wao hawaandiki kwamba tangi lililishwa. Wanaandika nani alikula nini. Daftari la shilingi chache linaweza kukueleza, siku nyingi kabla ya tumbo kubonyea, kwamba kuna mmoja ambaye jina lake halijaandikwa.

Mpaka wa ufundi

Yote niliyoyaeleza yana mpaka, na mpaka huo uko dukani. Hakuna kibanio, koleo wala kisanduku kitakachowaweka farasi wa baharini na kikande katika tangi moja kwa haki. Hakuna zamu ya usiku itakayowalisha mandarini wawili katika tangi dogo lililoanzishwa mwezi uliopita. Mlishaji hodari hupunguza tofauti za walaji, hawezi kuzifuta. Kabla ya kununua, basi, swali la kwanza lisiwe kama samaki huyu ataliwa na wenzake. Liwe: anakula nini, kwa kasi gani, mahali gani pa tangi, saa ngapi, na ni nani tayari anakula vivyo hivyo? Jibu likiwa kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe, mwacheni dukani, hata akiwa mzuri kiasi gani. Pesa ya mnunuzi ndiyo inayomwambia msafirishaji amtoe nani mwambani, na mnyama asiyeweza kulishwa katika matangi yetu hakupaswa kutolewa.

Naomba kila mwenye tangi afanye jambo moja kesho. Kabla ya kumwaga chakula, chagua mnyama mwembamba kuliko wote, umtazame yeye tu tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho. Usiwatazame wanaokuja juu kukushangilia. Hao hawana shida. Kama hukumwona akimeza, hesabu kwamba hakula, kisha ubadilishe kitu kimoja kati ya vile vinne: mahali, wakati, ukubwa au njia. Umtazame tena mlo unaofuata. Tangi lipimwe kwa hali ya huyo.